Genge la zege la kulipwa kwa mfuko: wazuri kwa kasi, wabaya kwa maji

Ukipita Goba, Kivule au Bunju asubuhi ya Jumamosi utawaona: mikisa, yaani mashine ya kuchanganya zege, imefungwa nyuma ya pikapu, vijana juu na makarai yao. Wanakodiwa siku moja kumwaga slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, na wanalipwa kwa kila mfuko wa saruji unaoingia kwenye mashine. Maghorofa mengi ya watu binafsi Dar yamemwagwa hivi, na wakaguzi wanakutana na kazi hii kila wiki.

Kwa nguvu na kasi, hongera zao. Slabu ya mita za mraba 100 yenye unene wa milimita 150 ni zege mita za ujazo 15, na genge zuri linaimaliza kabla ya jua kuzama. Hilo si jambo dogo. Slabu iliyoachwa nusu na kuendelezwa kesho yake hubaki na mstari ambapo zege jipya halikushikana na la jana, na maji ya bafuni yatapita hapohapo.

Ubovu unaanzia kwenye ndoo ya maji. Mfuko wa kilo 50 unataka takriban lita 25, yaani ndoo ya lita 20 na robo yake, na pungufu ya hapo kama mchanga umelowa. Jua la saa saba likiwaka, zege linakuwa zito kwenye karai, na anayelipwa kwa mfuko hana muda wa zege zito. Ndoo zinakuwa mbili. Nguvu ya zege hilo inaweza kushuka hadi karibu nusu, na maji ya ziada yakikauka yanaacha vitundu. Kwa nyumba za Kigamboni au Msasani, hewa ya chumvi inapita humo hadi kwenye nondo, zinashika kutu, zinavimba, na baada ya miaka dari inabanduka vipande. Dawa ni koni ya slampi, kopo la kupimia ulaini wa zege, yenye kimo cha milimita 300. Ijaze zege, inyanyue: zege likishuka milimita 75 hadi 100, endelea. Likisambaa kama uji, likataliwe palepale.

Kwenye uwiano tuwatendee haki, maana lawama nyingi hapo ni za mwenye nyumba. Slabu hiyo ya mita 15 za ujazo, kwa uwiano wa 1:1½:3 (saruji, mchanga, kokoto), inakula mifuko kama 120. Anayeleta 80 na kusema "itatosha" ndiye anayelazimisha toroli mbili za mchanga na tatu za kokoto kwa mfuko mmoja, wakati mfuko unahitaji ndoo mbili na nusu za mchanga na tano za kokoto. Saruji iwe ya daraja la nguvu la 42.5, ile ya 32.5 ibaki kwa plasta. Kokoto ngumu za Lugoba zinashinda zile laini za matumbawe kutoka Kunduchi, na mchanga wa ufukweni usiingie saiti kabisa.

Kinachotutisha zaidi ni balkoni. Balkoni inaning'inia, kwa hiyo nondo zake kuu zinakaa juu, milimita 25 tu chini ya uso wa zege. Vijana wanapita na makarai, wanazikanyaga, waya unalegea, nondo zinazama hadi katikati ya slabu. Hakuna anayezinyanyua, na zege likishawekwa hakuna anayeona. Kina cha nondo, kikipimwa kutoka uso wa chini wa slabu, kimeshuka kutoka kama milimita 119 hadi 75, na uwezo wa balkoni umepungua kwa zaidi ya theluthi. Ufa utatokea juu, sambamba na ukuta. Biskuti, vile vipande vya zege vya kuinulia nondo, zinasaidia nondo za chini pekee. Za juu zinataka viti vya nondo, kila mita moja au chini ya hapo, na mbao za kupitia vijana. Genge haliji na viti wala mbao hizo, viandae mwenyewe.

Na genge si mkandarasi. Tangu ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi lilipoanguka Machi 2013 na kuua watu 36, hakuna sababu ya mtu kumwaga slabu bila mhandisi aliyesajiliwa kusimama pale. Asimame kwenye mikisa, si kwenye kivuli.

Tunawapa nyota 3 kati ya 5 wakisimamiwa. Bila msimamizi, 1.

Kabla mikisa haijawashwa, hakikisha vaibreta, mashine za kutetemesha zege lishindiliwe, ni mbili na zote zinawaka, kwa sababu moja ikizima saa nane mchana watashindilia kwa kipande cha nondo. Mbao za pembeni zikitolewa, angalia uso wa biimu. Ukiona kokoto zimeachana kama sega la nyuki na nondo inachungulia, usiruhusu plasta ipakwe kabla mhandisi hajafika.