TAHADHARI Kigoma: faiba "haina mkataba, mama", ukiacha unadaiwa milioni

Ndugu zangu wa Mwanga, Gungu, Katubuka mpaka Ujiji, hasa wenye steshenari na saluni, someni hii kabla hamjawekewa intaneti ya faiba, ile ya waya, na yule kijana wa mauzo anayepita dukani na tableti.

Mimi nina steshenari hapa Mwanga. Alikuja akaniambia mama hii ni faiba, spidi 20 Mbps, elfu 80 kwa mwezi, haina mkataba ukichoka unaacha. Nikasaini kwa kidole kwenye tableti yake huku wateja wamesimama. Nakala sikupewa, akasema itakuja kwa imeili, haikuja.

Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa safi. Baada ya hapo taa ya LOS kwenye kile kiboksi cha faiba ikaanza kuwaka nyekundu, maana yake mwanga wa kwenye waya haufiki, hapo hata uzime uwashe raua (kile kifaa cha kugawa waifai) mara kumi ni kazi bure. Ikirudi inatambaa. Faili la MB 25 kwa 20 Mbps linatakiwa lishuke kwa kama sekunde 10, mimi naweza kuchemsha chai nikainywa. Walikuja vijana wawili kutoka Kalinzi kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, wamekaa kwenye benchi langu toka saa nne asubuhi hadi jioni, ukurasa unazunguka tu, wakaondoka na nauli imeisha. Siku ile iliniuma sana jamani.

Nimepiga simu kwenye kampuni yao mara 9, kila mara fundi anakuja kesho. Mwezi wa 10 nikasema basi, nakata huduma. Ndo nikaambiwa mkataba wako ni wa miezi 24, umebakiza 14, lipa 1,120,000 ya kuvunja mkataba. Nilikaa chini.

Sasa sikieni hapa. Siku mbili baadaye yule yule kijana ananipigia, mama nitumie laki mbili kwenye namba yangu nikufutie kwenye sistimu. USITUME. Deni halifutwi kwenye simu ya mtu binafsi, utalipa laki mbili na deni litabaki pale pale. Akikuandikia kwa meseji, ile meseji na namba yake tuma 15040, ndiyo namba ya kuripoti utapeli wa meseji.

Nilichofanya ni hiki. Nikaomba kwa maandishi wanipe mkataba niliosaini na mchanganuo wa hiyo hela, wanidai kwa hasara ipi hasa wakati raua ni yao na wanaichukua. Nikapima spidi siku 7 mfululizo asubuhi mchana na jioni, kwa waya kutoka kwenye raua, sio kwa waifai, maana ukipima kwa waifai watakwambia kuta zako nene, nikapiga skrinshoti zinazoonyesha tarehe. Nyingi zilikuwa Mbps 2 au 3. Nikaandika na tarehe za zile simu 9 na ile taa nyekundu nikairekodi video. Nikapeleka barua ofisini kwao, nikagoma kutoka mpaka nakala yangu ipigwe muhuri wa kupokelewa.

Kwenye barua niliwaambia wao ndo wamevunja kwanza, nimelipia 20 nikapewa 2. Na Sheria ya Mikataba, Sura 345, kifungu cha 74 kinasema hata kama mkataba umetaja faini, anayedai anapata fidia inayostahili tu, kile kiasi kilichotajwa ni kikomo cha juu, sio kwamba lazima akipate chote. Hii kampuni imechukua bei ya miezi 14 yote kama vile itaendelea kunihudumia, fidia gani hiyo? Pia kanuni za 2018 za kumlinda mtumiaji wa mawasiliano zinataka uelezwe masharti, mimi nilielezwa uongo. Nikamalizia kwamba wasipojibu napeleka TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Huko huwezi kuanza nako, lazima uwe umeshamlalamikia mtoa huduma mwenyewe, ndo maana ule muhuri ni muhimu kuliko kelele zote.

Wiki ya tatu wakapiga, lugha tamu, eti tumelifuta mama. Nikasema asante, niandikieni. Wakabembeleza wee, mimi nikakomaa na neno moja, niandikieni. Imeili ikaja jioni: deni sifuri, nirudishe raua na kile kiboksi.

Nimevirudisha Jumatano, nimechukua risiti yenye namba za vifaa vyote viwili na waya wa umeme nimeuandikisha humo humo, maana ukirudisha bila karatasi kesho unadaiwa raua.

Dada wa saluni mlango wa pili naye kumbe alisainishwa na huyo huyo, yeye anaambiwa 960,000. Leo tumeanza kupima spidi ya kwake, barua tunaandika wiki ijayo. Mwingine aliyesainishwa kwa kidole aje dukani na simu yake tu, nakala ya barua yangu namtolea bure.