This Is Us, msimu wa 2, sehemu ya 14: Jack hakufia motoni

Kwa msimu mmoja na nusu watazamaji wa This Is Us, tamthilia ya Kimarekani ya familia moja, walijua Jack Pearson, baba wa familia hiyo, ameshafariki, ila wakazungushwa kuhusu kifo chenyewe. "Super Bowl Sunday" ndiyo iliyolipa deni. Kituo cha televisheni cha NBC kiliirusha usiku wa tarehe 4 Februari 2018, mara tu baada ya Super Bowl, fainali ya soka ya Kimarekani, ambapo Eagles waliwafunga Patriots 41 kwa 33. Imelipa vizuri kwa sababu haikumuua pale tulipokaa kumsubiri afe.

Usiitazame kabla ya sehemu ya 13, maana moto unaanzia kule: jungu la umeme la kupikia polepole, kuukuu, alilopewa na jirani pamoja na onyo kuwa swichi yake inasumbua. Jack analizima, anasafisha jiko, anapanda kulala. Swichi inajirudisha yenyewe, cheche inatoka, taulo la vyombo linashika. Ving'ora vya moshi vimo ndani lakini havina betri, walisahau kununua. Ajali imejengwa kwa vitu vidogo vinavyoaminika, na hapo waandishi wanastahili pongezi.

Fundi umeme, hata hivyo, atatikisa kichwa. Kifaa chenye swichi mbovu hukizimi kwenye swichi yake, unakichomoa kwenye soketi. Majungu haya kwa kawaida hula wati 200 hadi 300 tu, na likiwa halina hitilafu linafanya kazi usiku kucha bila tatizo. Hapa mkosaji ni ile swichi na kitambaa kilichoachwa karibu. Watazamaji hawakuyapima hayo. Crock-Pot, chapa maarufu ya majungu haya, ilibidi itoke hadharani kuwatuliza wateja, na kabla ya sehemu hii kurushwa likaonyeshwa tangazo ambamo Milo Ventimiglia mwenyewe, mwigizaji wa Jack, anajipakulia chakula kutoka kwenye jungu kama lile. Ucheshi wa aina yake.

Ndani ya moto, Jack anampitisha binti yake Kate kwenye korido, akijikinga kwa godoro. Linapendeza machoni, na kwa sekunde chache godoro kweli hukinga joto. Ila sponji ikishika moto hutoa sumu kali kuliko moshi wa mbao. Kisha familia inashushwa chini, salama kabisa, na Kate anamlilia mbwa. Jack anarudi ndani. Hapo ndipo kifo chake kinapoanzia, ingawa anatoka akitembea, mbwa mkononi na vitu vya kumbukumbu. Monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anaongea na kutaniana huku moyo wake unakosa hewa. Ndiyo maana majeruhi wa moshi hupewa oksijeni nyingi na kufuatiliwa mapigo ya moyo hata akisema yuko sawa. Hospitali ya kwenye tamthilia inalipita jambo hili haraka mno.

Baada ya hapo Mandy Moore, anayeigiza Rebecca, mke wa Jack, anaichukua sehemu yote mfukoni. Pale hospitalini Rebecca yuko kwenye simu akitafuta hoteli, kisha kwenye mashine ya vitafunwa. Nyuma yake, nje ya lengo la kamera, wahudumu wanapita mbio. Hageuki. Sisi ndio tunaogeuka. Daktari anapomwambia mumewe amefariki, anang'ata chokoleti na kumtazama daktari kama mtu aliyekosea chumba. Hakuna muziki wa kulazimisha machozi. Anapofika mlangoni mwa chumba, tunauona mwili kwanza kama kivuli kwenye kioo, juu ya uso wake. Mwongozaji mwingine angeweka kilio cha dakika tatu pale pale kwenye mashine.

Upande wa leo, ambako watoto wa Jack, yaani Kate, Kevin na Randall, ni watu wazima, haulingani na huo. Kate na mkanda wake wa video ni sawa, Kevin kwenye mti wa baba yake ni sawa, lakini karamu ya Randall na mjusi aliyekufa inakula muda. Tess, binti wa Randall, kuitoa simu mahali pake ili isipokee habari za Deja, msichana ambaye familia yake ilimlea kwa muda, hiyo ni nzuri kwa sababu ni ya mtoto kweli.

Mwisho wanatuonyesha mvulana anayetafutiwa familia, kisha tunagundua tuko mbele kwa miaka mingi, ofisa wa ustawi wa jamii ni Tess aliyekua, na anayeingia ni Randall mzee. Fumbo ni la kijanja, lakini limewekwa dakika mbaya: bado tuko hospitalini na Rebecca, wao wanatudai tupige hesabu za miaka. Lingekaa vizuri zaidi mwisho wa sehemu ya 15, baada ya mazishi.