Unataka mbwa, paka au samaki? Kwanza niambie unarudi nyumbani saa ngapi

Oya wadau mambo vipi, leo sichambui simu wala spika, leo tunachambua wanyama wa kufuga ndani. Maana kila siku naulizwa "broo nichukue mbwa wa aina gani", na mimi swali langu huwa moja tu, unatoka nyumbani saa ngapi na unarudi saa ngapi? Bei tutaongea baadae.

Naanza na mbwa maana hapo ndo nilipopigwa. Nilikua nakaa Kimara, chumba na sebule, nyumba ina wapangaji sita, nikaleta kitoto cha jemani shepadi, mzuri huyo, masikio bado yamelala. Sasa mimi natoka saa kumi na mbili asubuhi kuwahi mwendokasi, narudi saa tatu usiku, yaani masaa 15 yuko peke yake kafungiwa, kala kapeti, kala ndala, kala waya wa chaja, akimaliza anaanza kulia. Majirani walivumilia wiki mbili. Mama mwenye nyumba akanifata, wala hakufoka, akasema tu, "Mwanangu, mimi nilimpangisha mtu mmoja." Nikaishiwa maneno bana, nikampeleka kwa mjomba Kibaha, kule kuna uwanja na kuna watu siku nzima.

Na hata kama uwanja unao, dume la jemani shepadi likikomaa linafika kilo 30 mpaka 40, na hizo kilo zinakula kila siku kwa miaka kumi na kitu. Ugali wa dona na vichwa vya samaki sawa, ila sio makombo ya mchuzi wenye vitunguu, vitunguu vinaharibu damu yake, na chokoleti ni sumu kabisa. Chanjo ya kichaa cha mbwa anaanza akiwa na miezi mitatu, halafu unarudia kila mwaka, hapo hamna kubana hela, maana binadamu dalili zikishaanza kupona ni kama hakuna.

Haya, paka. Wangu anaitwa Chausiku, huyo hapo nyuma kwenye kochi, na hapo ndo ameshinda tangu asubuhi. Paka analala masaa 12 mpaka 16 kwa siku, kwahiyo mtu wa kuondoka alfajiri na kurudi usiku mnaendana kabisa, ukirudi ndo na yeye anaamka. Choo chake ni beseni na mchanga, ule wa dukani bei imechangamka, mimi nachekecha mchanga wa kawaida nabadilisha mara kwa mara. Kama mke ana mimba asiguse huo mchanga, kinyesi cha paka kinaweza kua na vimelea vya kudhuru mtoto tumboni. Alafu paka ni mla nyama, usimshindishe na ugali mkavu, mpe dagaa, mpe utumbo wa kuku uliochemshwa. Kero yake? Jike anaweza kushika mimba hata akiwa na miezi mitano, anabeba siku 63 hivi, usipomfunga kizazi mapema jiandae kugawa vitoto mtaa mzima.

Samaki watu wanasema ndo rahisi. Nani kawadanganya? Mi niliwawekea maji ya bomba yametoka tu, asubuhi sita wanaelea, kumbe ile dawa ya klorini. Yaache maji kwenye ndoo wazi siku nzima kwanza, au weka dawa ya kuitoa. Na mtaa wenu umeme ukiwa wa kukatikakatika, mashine ya hewa inazima, hapo chukua samaki aina ya beta, yule anaweza kuvuta hewa ya juu ya maji, ila madume wawili tangi moja usijaribu, watatoana roho.

Sungura poa kama una nyasi, meno yake hayaachi kuota kwahiyo muda wote atafune. Kasuku wa kijivu msiniulize kabisa, yule anaweza kufika miaka 40 na zaidi, utamrithisha nani? Na wale wanaokamatwa porini biashara yao ya kimataifa imepigwa stopu tangu 2017.

Kibaha nilienda Pasaka, mbwa akanijua toka getini, akanirukia mpaka chini kwenye tope na shati jeupe, mjomba anacheka tu. Akaniuliza, unamchukua? Nikaangalia saa, nikamwambia mjomba ngoja niwahi daladala.