Korianda ya kununua hapa Goma: tafuta katundu kwanza, bei baadaye

Jumamosi nilikuwa na wageni, nyama iko kwa moto, nafungua sashe ya mbegu za korianda (giligilani) niliyonunua dola mbili kwa alimantasio moja, duka la vyakula, ya mjini. Natwanga mu kinu, inatoka vumbi tu, harufu hakuna, halafu kadudu ka rangi ya kahawia kanapanda ukingoni. Nililia kweli, si kwa ile dola mbili, ni kwa nyama.

Kwa hiyo rangi na tarehe ya kwenye lebo sitaziongelea. Angalia katundu. Mbegu nzima ni ya mviringo, ina mistari, na ukiifinya inapasuka vipande viwili, sababu kila chembe ni katunda kenye mbegu mbili ndani. Ukiona katundu kama ka sindano ujue mdudu alishakula akatoka, na mafuta ya harufu yanakaa mule mule ndani, sasa wewe umeuziwa ganda. Sashe isiyoonyesha ndani inaficha hiyo yote, na muuzaji anakwambia ukifungua umenunua! Mbona kitambaa tunakishika kabla ya kulipa?

Kwangu ya kwanza ni Tropical Heat ya Kenya, mbegu nzima za bokali, ile chupa inayoonyesha ndani, na sifichi kama naipenda. Unageuza bokali unaangalia chini, ukikuta unga umejikusanya basi wadudu wako kazini, rudisha. Ya pili ni mbegu za kupima za mama wa sokoni, akikubali unuse na umwage kidogo kwa mukono. Ya unga ya bei ya chini acha, harufu yake ilishakwenda zamani.

Majani mabichi ni kitu ingine kabisa, hayashiki nafasi ya mbegu, miye nayaweka juu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, dakika ya mwisho. Kuna watu yanawanukia sabuni, na hawajifanyi, ni jeni ya kunusa waliyozaliwa nayo, basi usiwalazimishe.

Kinachoniuma ni kwamba hii mbegu ikitunzwa kavu inavumilia sana. Kwenye kaburi la Tutankhamun, aliyezikwa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita, walizikuta. Fungua Kutoka 16:31 mu Bibilia ya Kifaransa ya Segond, mana inafananishwa na mbegu ya korianda, ila yetu ya Kiswahili inasema chembe za mtama ndiyo maana wengi tumeipita. Sasa duka lenye paa na rafu linashindwa kuzitunza miezi michache, zinawekwa chini karibu na sementi yenye unyevu, halafu bei inapanda eti dola imepanda, na dola ikishuka hakuna anayekumbuka kushusha. Miye sashe yangu niliirudisha na kadudu kake ndani, wakakataa kunirudishia pesa.