Keria nilinunua kwa fahari, mikanda ndiyo imeniokoa: uzoefu wangu

Nianze na aibu. Krismasi ya mwaka juzi tulikuwa tunakwenda Lushoto kwa mama, mimi, mke wangu na watoto wawili, na juu ya paa godoro la futi tano kwa sita. Keria ilikuwa na siku mbili tu tangu niitoe Kariakoo: paipu mbili za alumini zenye vibano vya kushika kwenye fremu ya milango. Nilikuwa nimeshaipiga picha kabla hata haijabeba kitu. Godoro nikalifunga kwa mipira yenye ndoano, ile ya rangirangi wanayouza vijana kwenye foleni.

Tulipoipita Chalinze nikakanyaga mafuta, mshale ukafika 90. Paa likaanza kupigwa kama ngoma. Mdogo akasema, "Baba, kuna mtu juu." Kabla sijapunguza mwendo ndoano ya mbele ikafyatuka, godoro likasimama wima kama tanga la jahazi, kisha nikaliona kwenye kioo likienda zake. Lilitua kwenye majani kando ya barabara. Nyuma yetu hapakuwa na bodaboda, na hilo ndilo nililomshukuru Mungu, maana godoro lingenunuliwa jingine.

Lori lililokuwa likija nyuma likasimama. Utingo akashuka, akanisaidia kulibeba, akaishika ile mipira yangu, akaivuta mara moja na kuiachia. "Bro, hapa hujafunga mzigo. Umeupa lifti tu." Akatoa kipande cha kamba ya manila, akakipitisha juu ya godoro na ndani ya gari kupitia milango, akafunga fundo ambalo mpaka leo sijaliweza. Tulifika nalo.

Mpira unavutika, na tatizo lote liko hapo. Upepo ukiingia chini ya kitu kipana, mpira unaurefushia nafasi, upepo unapata mahali pa kusukuma zaidi, na ile ndoano nyembamba ndiyo inayolipa deni. Mipira yangu sasa inashikilia turubai lisipepee, basi.

Niliporudi Dar nikatafuta mikanda ya ratcheti, ile ya kufungia mizigo inayokazwa kwa kupampu kishikio cha chuma. Nilipata pea ya upana wa sentimita 2.5 na urefu wa mita 5 kila mmoja, Sh 35,000. Ipo ya nusu ya bei hiyo, lakini haikuwa na lebo, na muuzaji alipoulizwa inahimili kiasi gani alijibu, "Inabeba chochote, bosi." Yangu ina lebo ya bluu. Kwa mikanda inayofuata viwango vya Ulaya bluu maana yake ni poliesta, ambayo haivutiki sana, na herufi LC zinafuatwa na namba ya nguvu inayoweza kuhimili. Yangu imeandikwa 250 daN, na daN moja unaweza kuihesabu kama uzito wa kilo moja, kwa kukadiria. Kwa paa la gari dogo inatosha na kubaki.

Siku ya kwanza nilichemka. Sikuuvuta mkanda kwa mkono kwanza, nikaanza kupampu kishikio tangu ukiwa umelegea. Mkanda wote ukajizungusha kwenye kile kiroda cha katikati, ukajaa, ukang'ang'ania, haukazi wala haufunguki. Nilikaa nao nusu saa na bisibisi huku shemeji akinishauri niukate. Kumbe unaupitisha kwenye upenyo, unauvuta kwa mkono hadi ukaze, halafu unapampu hadi uzunguke mara mbili au tatu tu. Jambo jingine niligundua kwa bahati: mkanda uliolala bapa juu ya paa unavuma safari nzima kama nyuki. Ukiupindisha mara moja kabla ya kuufunga, kelele inaisha.

Sasa keria yenyewe. Ni nyepesi, haijapata kutu, na nikiivua haichukui nafasi. Ila vibano vinalegea. Kila safari nasimama baada ya kama kilomita 50, natikisa paipu kwa mkono, na mara mbili kati ya tatu nakuta kimoja kinahitaji kukazwa. Chini ya vibano kuna mpira mwembamba. Mchanga ukiingia hapo unakwangua rangi, na gari langu tayari lina alama mbili mlango wa nyuma. Fundi aliyenifungia hakunitahadharisha. Mafuta nayo: nilikuwa napata kilomita 14 kwa lita barabara kuu, keria ikiwa na mzigo nashuka mpaka 12 hivi. Ndiyo maana nikirudi naivua.

Kuhusu uzito, kitabu cha gari langu ni cha Kijapani, lugha ileile ya yule dada wa kwenye dashibodi anayenilalamikia kadi kila ninapowasha. Nilikipiga picha nikakitafsiri kwa simu. Magari madogo mengi paa lake linaruhusiwa kati ya kilo 50 na 75, na humo keria yenyewe imo. Yaani gunia moja la viazi juu, umeshamaliza. Wengi wetu tunaona paa ni kama ghala la ziada, wakati kila kilo unayoipandisha inafanya gari liyumbe zaidi kwenye kona. Nilijifunza hilo kati ya Mombo na Lushoto, zile kona za Soni, nikiwa na matenga mawili ya pichesi juu. Gari lilikuwa likiinama kona ya kushoto, halijakaa sawa, ya kulia imefika. Mke wangu hakusema neno mpaka tulipofika Mombo, na mnaomfahamu mtajua maana yake. Tangu siku hiyo juu vinakwenda vyepesi vyenye umbo kubwa: mikeka, viti vya plastiki, mabegi ya nguo. Vizito vyote viko chini ndani ya buti, vimeegemea mgongo wa kiti.

Na ndani ndiko nilikokuwa nikifanya uzembe mkubwa kuliko wa godoro. Nilikuwa naweka kiroba cha mchele kwenye kiti katikati ya watoto, dumu la mafuta ya kula nyuma ya vichwa vyao. Piga hesabu ya fizikia ya shule: uko kwenye 50, umegonga kitu, gari limesimama ndani ya nusu mita. Kila kilichomo kinaendelea mbele kwa nguvu ya takriban mara 20 ya uzito wake. Kiroba cha kilo 10 kinakuwa kama kilo 200. Nilipomaliza hesabu hiyo nilikwenda kuinua zulia la buti, na miaka minne niliyomiliki gari hilo sikuwahi kujua kwamba chini yake kuna pete nne za chuma za kufungia mizigo. Nilidhani ni za fundi wa bodi.

Kwa hiyo nikaongeza neti ya buti, Sh 20,000. Hii sijaridhika nayo. Inazuia vitu vyepesi visitawanyike, lakini ndoano zake ni za plastiki na moja ilivunjika kwenye tuta Korogwe. Mzigo mzito naufunga kwa mkanda wa ratcheti kwenye zile pete. Mtungi wa gesi nausimamisha wima, valvu imefungwa, umebanwa kwa mkanda, madirisha wazi kidogo. Na nikisafiri peke yangu, mikanda ya viti vya nyuma naifunga hata kama hakuna mtu, inasaidia mgongo wa kiti usisukumwe na mzigo.

Keria naipa tatu kwa tano, neti mbili. Mikanda ningeipa tano, ila mmoja umeanza kutu kwenye kishikio kwa sababu niliuacha ukiwa umelowa. Ukaushe, na kishikio ukipake oili kidogo. Kutoka pea ile nimebaki nao huo wenye kutu. Mzima aliuazima shemeji mwezi wa sita, wa kubebea kitanda mara moja tu.