TAHADHARI: Unauza nyumba mwenyewe? Jihadhari na huyu "mwakilishi wa mnunuzi" (Segerea, Dar)

Habarini ndugu zangu. Naandika haya nikiwa nimetoka kituo cha polisi na RB (namba ya taarifa niliyofungua polisi) mkononi. Asubuhi ya leo mtu na mkewe wamelia sebuleni kwangu kwa ajili ya hela ambayo mimi sikuipokea wala sikuijua. Naomba mnisome mpaka mwisho, hasa wewe uliyeamua kuuza nyumba yako bila dalali.

Nyumba ni yetu, mimi na mume wangu. Vyumba vitatu, uzio upo, hati ipo. Mume kahamishiwa Tunduma kikazi, tukaona tuuze tukajenge huko. Dalali hatukumtaka kwa sababu tunawajua: anataka mpaka asilimia 10, halafu anaweka na cha juu. Wewe umesema milioni 90, mnunuzi anaambiwa 110, na hamkutanishwi mpaka siku ya kusaini. Basi nikaandika ukutani kwa rangi nyekundu: INAUZWA, MADALALI HAPANA, na namba yangu chini.

Siku ya kwanza nilipigiwa simu kumi na moja. Tisa zilikuwa za madalali. Wengi walikubali nilipokataa, sina ugomvi nao. Mmoja akaniambia hivi: "Mama yangu, mimi siyo dalali. Namwakilisha mnunuzi. Wewe hunilipi hata shilingi, bosi ndiye ananilipa." Kauli hiyo ndiyo ilinilegeza.

Alikuja Jumamosi na kijana mwenye futi ya kupimia. Walipima sebule, wakapima korido, wakagonga kuta, kijana akapanda kuchungulia darini. Mkubwa wake akaniuliza maji ya DAWASA huwa yanatoka siku zipi na kama tanki linatosha. Mtu anayeuliza siku za maji unaona kabisa amekuja kuishi. Nikataja milioni 95, moyoni nikiwa tayari kushuka mpaka 88. Akasema, "Sawa mama, bosi atalipa." Hakuomba nipunguze hata laki moja. Jamani, mtu ananunua nyumba Dar es Salaam bila kuomba apunguziwe, na mimi badala ya kushtuka nikashukuru Mungu!

Jioni akaniomba picha za hati kwa WhatsApp, ati wakafanye upekuzi ofisi ya ardhi, yaani kuhakikisha mwenye nyumba ni nani. Nikaitandaza hati mezani, nikapiga picha kurasa zote, nikatuma. Hilo ndilo kosa langu kubwa, na ndilo limewaumiza watu wengine. Anayetaka kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati anahitaji namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu. Mpe hizo zimtoshe. Akitaka kuiona hati yenyewe, aione mikononi mwako, mbele ya mwanasheria.

Siku nne baadaye alirudi na mkataba wa kurasa sita, fomu za uhamisho zilizokwisha kujazwa, na milioni tano taslimu kwenye bahasha. Bosi mwenyewe hakuja, "yuko safarini." Mwanasheria naye sikumwona, niliuona mhuri wake tu. Akataka picha zangu nne za pasipoti na saini kila ukurasa, milioni 90 zilizobaki ziingie benki siku hiyo hiyo.

Kwenye fomu bei ilikuwa milioni 40. Nikauliza. Akasema ni kunisaidia ili kodi iwe ndogo. Hapa nawaomba mtulie mwelewe, maana mtego huu unawanasa watu wazima na akili zao. Ni kweli kuna kodi ya asilimia 10 kwenye faida ya mauzo, na ushuru wa stempu asilimia 1. Lakini nyumba inafanyiwa uthamini kabla ya uhamisho, kwa hiyo bei hiyo ndogo haikufichi popote. Kinachobaki ni karatasi yenye saini yako inayosema uliuza kwa milioni 40. Siku akigoma kumalizia hela, utaenda nayo wapi? Na utapigaje kelele wakati na wewe ulishiriki kudanganya?

Nikamuuliza kuhusu saini ya mume wangu. Akajibu, "Mzee asihangaike kutoka Tunduma, kuna mtu atasaini kwa niaba yake." Ndugu zangu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Anayekwambia ridhaa ya mwenza itatafutiwa mtu wa kuisaini, hajaja kununua.

Aliyeniokoa ni wifi yangu. Alikuwa jikoni, akaja akachukua ule mkataba akaanza kuusoma kwa sauti kutokea nyuma. Ukurasa wa mwisho, juu kidogo ya mahali pa kusaini, uliandikwa kwamba muuzaji anakiri kupokea bei yote ya mauziano kwa fedha taslimu na hana dai lolote. Yote! Na mezani palikuwa na milioni tano.

Wifi akamuuliza, "Kaka, hela nyingine iko wapi?" Akatoa simu akatuonyesha picha ya muamala, eti imeshatumwa, inachelewa kwa kuwa ni kiasi kikubwa. Nikamwambia tawi la benki yangu lipo hapo barabarani, twende wote tukaangalie akaunti, ikisoma nasaini palepale kaunta. Akapokea simu, akatoka nje kuongea, bahasha akiwa ameibeba. Hakurudi. Namba yake mpaka leo haipatikani.

Nikadhani yameisha. Sikwenda polisi, na hilo nalijutia.

Leo ni wiki tatu. Nimetoka ibada ya kwanza, nasikia hodi. Kijana na mkewe, mtoto mgongoni. Yule dada anatabasamu, ana futi mkononi, ananiambia wamekuja kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Nikamwuliza mapazia ya nani. Mume akatoa karatasi: nakala ya hati yangu. Pembeni ya picha kinaonekana kitambaa cha meza yangu, kile cha maua ya njano, na ncha ya kidole changu. Niliishiwa nguvu nikakaa chini.

Wameambiwa mwenye nyumba ni mama aliyeko Oman, ana dharura, anauza milioni 60, na ndani amewekwa ndugu wa kulinda. Wametoa milioni tatu za kishika uchumba. Hela ya vikoba ya yule dada imo humo. Wajihi wa aliyezipokea, na namna anavyosema "mama yangu," ni yuleyule.

Sasa kwa mnaouza wenyewe: mtu akisema anamwakilisha mnunuzi, mwambie amlete mnunuzi. Kama yuko mbali, aongee kwa video, atume namba yake ya NIDA, na mwanasheria wake ampigie wa kwako. Anayelipwa na mnunuzi yuko upande wa mnunuzi hata akiwa mwaminifu, kwa hiyo mkataba aandae mwanasheria uliyemtafuta wewe. Usisaini fomu ya uhamisho wala kutoa picha za pasipoti kabla fedha hazijaingia, na ukaulize benki mwenyewe, usiamini ujumbe wala picha ya kwenye simu ya mtu. Tuliambiwa tangu zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, lakini daftari lenyewe ukilisaini bila kulisoma linaondoka na mali.

Na wewe mnunuzi, nakuomba sana, kabla ya kutoa hata shilingi fanya upekuzi wewe mwenyewe, usiletewe majibu na aliyekuonyesha nyumba. Gonga milango ya majirani. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa uulize nyumba hiyo ni ya nani. Hawa vijana wangegonga nyumba ya pili tu kutoka kwangu wangeambiwa mama mwenye nyumba hajawahi kufika Oman.

Jalada limefunguliwa, wao ndio walalamikaji na mimi ni shahidi. Kesho Jumatatu naipeleka barua ofisi ya ardhi kueleza kwamba nakala za hati yetu zinatembea mitaani. Kama na wewe umeoneshwa nyumba Segerea yenye geti la bluu na mwembe mkubwa ndani ya uzio, ukaambiwa mwenyewe yuko nje ya nchi, usitoe hela. Ukutani nimeshafuta na kuandika upya: NYUMBA HII HAIUZWI. Kama ulishatoa, njoo ugonge geti, nipo, twende wote kituoni ukaongezwe kwenye jalada.