Majibu ya vipimo vya mtoto mchanga Tabora: ya dakika, ya siku, na yaliyokwama njiani

"Majibu bado." Maneno hayo mawili ya dirishani yanaweza kuwa na maana nne. Damu iko kwenye mashine. Damu iko kwenye foleni, inasubiri zitimie sampuli za kutosha ndipo mashine iwashwe. Damu iliganda au ilikuwa kidogo, maabara imeikataa, na hakuna aliyerudi wodini kusema. Au majibu yalitoka tangu saa tano asubuhi na karatasi imelala kwenye trei. Maana mbili za kwanza ni za kuvumilia. Za tatu na nne ni za kufuatilia, na mzazi hawezi kuzitofautisha asipojua kila kipimo kina muda gani wa haki yake.

Tathmini hii ni ya huduma ya vipimo vya watoto wachanga kwa mzazi wa Tabora mjini, au aliyeletwa kutoka Uyui, Sikonge, Urambo na Kaliua. Hatupangi vituo kwa alama, kwa sababu kituo kilekile Jumanne asubuhi si kile cha Jumamosi usiku, mtaalamu mmoja akiwa zamu na umeme ukicheza. Tunachopima ni kipimo kimoja kimoja: kina kasi gani, kinaharibikia wapi, na karatasi yake inasomwaje.

Tuanze na uchukuaji, maana hapo ndipo majibu mengi hufia. Mtoto wa kilo tatu ana damu isiyozidi robo lita hivi mwilini. Njiti wa kilo moja na robo ana kama mililita 100 tu. Kwa hiyo bibi anayelalamika "mnammaliza damu mjukuu wangu" hana kosa kwa njiti: kila marudio ya kipimo yana gharama. Kwenye kisigino, mguu upashwe joto dakika tatu hadi tano kwa kitambaa cha vuguvugu, achomwe pembeni mwa kisigino, si katikati, kwa kina kisichozidi milimita mbili, na tone la kwanza lifutwe. Mguu ukikamuliwa kama nguo ya kufua, seli hupasuka, potasiamu inapanda kwa uongo, na maabara inaandika "sampuli imehemolaizi, rudia". Chupa ya kifuniko cha zambarau igeuzwe taratibu mara nane hadi kumi papo hapo, la sivyo damu inaganda. Ikitumika chupa ya mtu mzima kwa nusu mililita ya mtoto, dawa ya kuzuia kuganda inakuwa nyingi mno kwa damu hiyo na hesabu zinapotoka. Uliza kama kuna vichupa vidogo vya watoto. Si utovu wa adabu kuuliza. Na mtoto akiwa ananyonya wakati anachomwa, maumivu hupungua kweli.

Halafu jina. Mtoto mchanga hana jina, anaandikwa "Mtoto wa" fulani. Wodi moja inaweza kuwa na akina Mtoto wa Mariamu watatu, na Unyamwezini ukiongeza Kulwa na Doto, kazi inakuwa kubwa zaidi. Chupa iandikwe jina kamili la mama, namba ya faili, saa ya kuchukuliwa, na kwa mapacha wa kwanza au wa pili, kando ya kitanda, kabla haijaondoka. Mama asome mwenyewe. Sekunde kumi hizo zinaokoa siku nzima.

Sukari ndicho kipimo tunachokisifu bila masharti mengi. Tone moja, mashine ya mkononi, majibu ndani ya dakika. Chini ya 2.5 kwa mashine inayosoma milimoli, au 45 mashine ikisoma kwa miligramu, mtoto anashughulikiwa hapohapo bila kusubiri daktari wa zamu ya pili. Kinachoharibu ni stripu zilizoachwa kopo wazi kwenye joto la Oktoba, na spiriti isiyokauka kwenye ngozi. Damu ikipelekwa maabara kuu kwa chupa ya kawaida na kukaa saa mbili mezani, seli zenyewe zinaila sukari na jibu linashuka bila mtoto kuwa na tatizo. Sukari ikiwa chini, tiba ni maziwa ya mama yaliyokamuliwa au dripu. Si asali. Tunajua mkoa huu ni nyumbani kwa asali na kila ukoo una chupa yake kutoka Sikonge, lakini mtoto chini ya mwaka mmoja asilambishwe hata kidogo: mbegu za bakteria waletao botulizimu, ugonjwa wa kupooza, huishi ndani yake, na utumbo wa mchanga hauwezi kuzizuia.

Kipimo kinachosumbua wazazi kuliko vyote ni cha manjano, yaani bilirubini. Mashine yenyewe haichukui hata nusu saa pamoja na kuzungusha damu. Ukisubiri saa sita, si kemia inayokuchelewesha. Mara nyingi ni foleni ya kukusanya sampuli, au kitendanishi, yaani kemikali ya kupimia, kimeisha. Manjano yaliyotokea ndani ya saa 24 za kwanza hayasubiri foleni. Hilo liandikwe kwenye fomu kwa herufi kubwa, pamoja na umri wa mtoto kwa saa, maana kiwango cha hatari hupimwa kwa saa za maisha na umri wa mimba. Ndiyo sababu 12 ya mtoto wa jirani mwenye siku tano haina uhusiano wowote na 12 ya wako mwenye saa 30.

Hapa kuna mtego wa vizio viwili. Maabara moja inaandika miligramu (mg/dL), nyingine mikromoli (µmol/L). Miligramu moja ni mikromoli 17.1. Mzazi aliyepata 15 asubuhi hospitali, akapata 256 jioni maabara ya mtaani, anapiga yowe, kumbe namba ni ileile. Soma herufi ndogo zinazofuata namba kabla ya kusoma namba.

Mtego mwingine ni mwanga. Bilirubini huvunjika kwa mwanga, ndiyo maana taa ya bluu inatibu. Basi chupa iliyoachwa dirishani inatibiwa nayo: jibu linatoka chini kuliko ukweli. Chupa ifungwe karatasi ya aluminiamu au ifichwe mfukoni na ipelekwe mara moja, na taa izimwe wakati damu inatolewa. Ngozi ya mtoto aliye chini ya taa nayo hudanganya. Inakuwa nyeupe huku damu bado njano, kwa hiyo "naona amepungua" ya shangazi si kipimo. Taa ikishazimwa, damu ipimwe tena baada ya saa 12 hadi 24, kwani kiwango huweza kurudi juu. Na kumwanika juani asubuhi si badala ya taa. Kunamchoma, kunampunguza maji, na kunampa mzazi matumaini ya bure wakati majibu yanasubiriwa.

Pamoja na bilirubini, dai kundi la damu la mtoto, hasa mama akiwa kundi O au Rh hasi. Mama hasi aliyezaa mtoto chanya anahitaji sindano ya anti-D, inayozuia mwili wake kutengeneza kingamwili dhidi ya damu ya watoto wajao, ndani ya saa 72. Kundi la damu ni kipimo cha dakika chache ambacho hucheleweshwa kwa sababu tu kinaonekana si cha dharura, nacho ndicho chenye saa inayokimbia. Kama anti-D haipo kituoni, baba mtoto aanze kuitafuta siku ileile majibu yakitoka. Kipimo cha G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu ambacho baadhi ya watoto wana upungufu wake, kikifanywa wakati seli zinaendelea kupasuka kinaweza kusema "kawaida" kimakosa, hivyo hurudiwa baadaye. Katikati ya hayo, nguo za mtoto zisiwekwe vidonge vya naftalini, vile vyeupe vya kufukuza mende kabatini. Kwa mwenye upungufu huo, harufu yake tu inatosha kupasua seli.

Maambukizi ya damu yana vipimo vitatu vyenye kasi tofauti. FBP, yaani picha kamili ya damu, hutoka ndani ya saa moja, lakini karatasi yake inatisha bure: mashine nyingi zimepangiwa viwango vya watu wazima, basi kila mstari unatoka na herufi H, yaani "juu". Hemoglobini ya 18 kwa mtoto wa siku moja ni ya kawaida. Seli nyeupe 25 (yaani elfu 25) katika siku ya kwanza nazo si habari. CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na maambukizi, huanza kupanda saa sita hadi 12 baada ya maambukizi kuanza, kwa hiyo ya kwanza ikiwa safi haijamaliza neno. Ya pili, baada ya saa 24, ndiyo yenye uzito.

Kuotesha damu ni huduma tunayoiheshimu na kuilaumu kwa pamoja. Tunaiheshimu kwa sababu ndiyo pekee inayotaja mdudu kwa jina na dawa inayomuua. Tunailaumu kwa sababu inaharibiwa kirahisi: damu imechukuliwa baada ya antibayotiki, imetolewa matone badala ya walau mililita moja, ngozi haikukauka baada ya spiriti na mdudu wa ngozini akaota, au mtu mwenye nia njema ameweka chupa kwenye friji. Chupa ya kuotesha haiwekwi kwenye friji kamwe. Taarifa ya kwanza ni saa 24 hadi 48. Palipo na kuangalia kwa macho badala ya mashine, hadi siku saba. Akiota, ongeza siku moja au mbili za kujua dawa. Wakati huo wote mtoto yuko kwenye ampisilini na jentamaisini, na hiyo si kubahatisha: mchanga mwenye maambukizi hawezi kungoja. Kituo kinachokuambia "tusubiri majibu ya kuotesha ndipo tuanze dawa" kimekosea.

Selimundu. Ukanda wetu na wa Ziwa unaijua vizuri, na hapa ndipo pesa nyingi za wazazi hupotea. Kile kipimo cha zamani cha kioo, cha kuchanganya damu na kemikali na kuangalia kama seli zimejikunja, hakifai kwa mchanga. Damu yake imejaa hemoglobini ya tumboni mwa mama, ambayo huzuia seli kujikunja, na jibu la "hana" kwa mtoto chini ya miezi sita halina thamani ya karatasi yake. Dai elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini, au kile cha haraka cha kutambua aina ya hemoglobini ambacho husomeka kwa takriban dakika kumi. AS ni mbebaji, si mgonjwa. SS ndiye mgonjwa. Kwa mchanga, SS huandikwa FS, F ikiwa ile hemoglobini ya tumboni, na hurudiwa kuthibitishwa. Kama mtoto ameongezewa damu, subiri miezi mitatu, vinginevyo unapima damu ya mchangiaji. Jibu la FS lina kazi ya haraka: penisilini ya kunywa kila siku kuanzia miezi miwili au mitatu hadi miaka mitano.

Kwa mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU, huduma ya DBS, yaani damu iliyokaushwa kwenye kadi, ndiyo iliyopangwa vizuri kuliko zote hizi, na ni bure. Damu ya kisigino hudondoshwa kwenye kadi yenye miduara mitano, kwa kawaida mtoto akiwa na wiki nne hadi sita. Kila mduara ujae kwa tone moja kubwa. Tone juu ya tone linaharibu. Kadi ikauke saa nne au zaidi kivulini, ikiwa imelazwa na haijagusana na nyingine. Msimu wa mvua iachwe usiku kucha. Kisha ifungwe na vile vifuko vya kunyonya unyevu. Kadi iliyofungwa mbichi huota ukungu njiani na huwezi kujua mpaka wiki kadhaa baadaye. Palipo na mashine ya GeneXpert yenye katriji zake, jibu ni kama saa moja na nusu, kwa hiyo uliza kabla kadi haijatumwa nje ya mkoa. Kipimo cha haraka cha kidole hakithibitishi chochote kwa mtoto chini ya miezi 18, kwani kinasoma kingamwili za mama. Nevirapini, dawa ya kumkinga mtoto na VVU, na ziwa la mama viendelee huku mkisubiri. Jibu hasi la wiki ya sita hurudiwa miezi tisa, na tena baada ya kuacha kunyonya, kuanzia miezi 18.

Maabara binafsi za mjini? Zinafaa kitendanishi kikiisha au mashine ikilala, kwa FBP, kundi la damu na bilirubini. Sera ya kutolipisha chini ya miaka mitano ni ya vituo vya umma, kwa hiyo uliza bei kwanza. Mtoto abaki wodini, isafiri chupa, na fomu ibebe namba ya simu ya daktari. Waulize swali moja tu: "Kontroli ya leo, ile sampuli ya kuhakiki mashine, mmeshapitisha?" Anayejibu bila kusita, mwachie damu. Rufaa ikiwa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, beba nakala ya majibu yote hata yale ya kawaida, maana huko wataanza upya kila kisichoandikwa.

Wanaoumia zaidi ni wanaoruhusiwa kabla majibu hayajatoka. Usiondoke na "tutawapigia". Ondoka na jina la kipimo, namba ya maabara, siku ya kurudi, na namba ya simu ya wodi vilivyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Acha namba mbili, moja iwe ya mtu mwenye mtandao mzuri kuliko wa kijijini kwako. Na mtoto akikataa kunyonya, akipoa au kupata homa, au njano ikifika nyayoni kabla ya siku hiyo, mrudishe usiku uleule, karatasi iwe imetoka au haijatoka.